Kuhesabu Njia Zisizovuka Masale

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: dasta iliyobaki kipande cha mbao tupu, rula kubwa ya ubaoni iliyovunjika ncha, na Mwalimu Apolinari. Dasta niliitupa mwezi huohuo. Rula iliibiwa, sijui na nani, na sijui aliitaka ya nini. Mwalimu Apolinari nilibaki naye miaka mingi, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi ambayo chuo kilikuwa kimeshanipa cheti chake.

Ninyi vijana mliobaki idara ya hesabu mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye mafaili, kama panya hawajawatangulia. Mimi nitaandika juu ya swali moja la kuhesabu njia, na juu ya mtu ambaye swali hilo lilimpigania abaki darasani wakati macho yake yanazima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, sekondari ya serikali pale Moshi mjini. Mimi ni mtoto wa Majengo. Baba alikuwa fundi cherehani, na nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, mlango wa nyuma unatazama msikiti. Mlima nilikuwa nauona kila asubuhi juu ya mabati ya majirani kama kila mtu, lakini kupanda vijiji vya huko nilikuwa sijapanda zaidi ya harusi na misiba. Mwalimu Apolinari alikuwa mtu wa Kirua Vunjo. Katikati ya juma alilala kwenye chumba alichopanga Rau, Jumamosi anapanda nyumbani kwake. Alivaa koti hata mwezi wa pili, jua linapasua mawe, kwa sababu mifuko ya koti ndiyo iliyokuwa stoo yake ya chaki.

Wiki yangu ya kwanza alinipa swali. "Wape kidato cha tano hili," alisema, "halafu usisahihishe haraka."

Swali lenyewe hata ninyi mnalijua, lakini nitalieleza kwa ajili ya wengine. Chora mraba wa visanduku vinne kwa vinne kwenye karatasi ya grafu. Unatembea juu ya mistari, kuanzia pembe ya chini kushoto mpaka pembe ya juu kulia. Kila hatua ni kulia au juu, basi. Sasa piga mstari kutoka pembe unayoanzia mpaka pembe unayomalizia. Huo ni mpaka wa shamba la jirani, na wewe ukae upande wa chini wake. Kuna njia ngapi za kufika bila kuuvuka?

Yeye hakusema mpaka. Alisema masale, kwa sababu huko mlimani mipaka ya mashamba hupandwa masale, ile mimea ya majani marefu isiyonyauka hata kiangazi. Nami nikaandika ubaoni kama nilivyoambiwa: msivuke masale.

Darasa lilikuwa la mchanganyiko. Kulikuwa na watoto wa mjini, kulikuwa na waliotoka Tanga na Singida, na kulikuwa na kundi kubwa la watoto wa mlimani. Nilipokusanya karatasi nikakuta majibu ya aina mbili. Wa mjini na wa mbali walisema kumi na nne, kama nilivyopata mimi. Watoto wa mlimani walisema tano. Si mmoja, si wawili. Ni kundi zima, tena walikaa mbalimbali, na wale wa nyuma kabisa hawasemezani na wa mbele. Watu wakikosea, kila mmoja hukosea kivyake. Wakikosea kwa kufanana hivyo, ama wameibiana ama hawajakosea. Nilikaa na zile karatasi jioni nzima, kalamu nyekundu mkononi, na sikuthubutu kuweka mkasi wa kosa hata mmoja.

Nilimpelekea Mwalimu Apolinari. Alicheka mpaka chaki zikagongana mfukoni.

"Njoo Kirua Jumamosi," alisema. "Uvae viatu vya maana."

Jumamosi nilipanda na pikapu iliyobeba mifuko ya saruji, nikafika mavazi yangu yamekuwa ya kijivu. "Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatazama miguu yangu, akatikisa kichwa. Mkewe, Mama Restituta, alinipa kiburu cha ndizi na maharage, akaanza kumimina mbege, ile pombe ya ndizi, akakumbuka mimi ni Mwislamu, akarudi jikoni kuchemsha chai. Kisha Mwalimu akanipeleka shambani, chini ya migomba, mpaka ilipo safu ya masale kati yake na jirani.

"Njia iko wapi?" aliniuliza.

Niliiona. Ilikuwa njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, na ilifuata masale kutoka juu mpaka chini, lakini hatua moja ndani ya shamba. Haikuyagusa mahali popote.

"Mbona haipiti palepale kwenye masale? Ingekuwa fupi."

"Nani akanyage masale?" alisema. "Haya ndiyo yanayosema hapa ni kwangu na pale ni kwa jirani. Ukimkosea mtu, unamwendea na jani la sale mkononi, na hata awe na hasira namna gani, hawezi kukufukuza. Kitu cha namna hiyo unakipitishia mguu? Wewe wa Majengo ukifika kwenye ukuta wa mtu unauegemea. Wale watoto wewe umewaambia wasivuke masale, na kwao kuyagusa ni kuyavuka. Hawaegemei."

Nilisimama pale nikihesabu kwa vidole. Mtoto wa mlimani anaanzia pembeni, na hatua yake ya kwanza lazima iwe kulia, maana akienda juu amevuka. Hatua ya mwisho lazima iwe juu. Hizo mbili hazina uchaguzi. Ukizitoa, kinachobaki ni njia ndani ya mraba wa tatu kwa tatu, na mpaka wake ni ile njia iliyokanyagwa, ambao unaruhusiwa kuugusa. Na mraba wa tatu kwa tatu, kwa kanuni yangu ya mjini, una njia tano. Kwa hiyo hawakuwa wamehesabu kitu kingine. Walihesabu kama sisi, ila wako hatua moja nyuma yetu. Mjini tunapata moja, mbili, tano, kumi na nne. Mlimani wanapata moja, moja, mbili, tano.

Nilipiga kelele ya furaha, sioni haya kusema. Mama Restituta alitoka jikoni akidhani nimeumwa na nyoka.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mwalimu aliingia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaopita katika mashamba ya huko. Mguu mzima, mpaka gotini. Gogo la kuvukia lilikuwepo, na alikuwa amelivuka tangu anajifunza kutembea.

"Nilikuwa natazama mlima," alisema akikamua suruali.

Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu asubuhi.

Jumatatu alinifundisha kitu ambacho nimekitumia kuliko chochote nilichosoma. Chukua namba zetu za mjini. Hazina mwisho, na hakuna awezaye kuzibeba zote kwa mikono. Basi zitundike kwenye vipeo vya x: moja peke yake, kisha moja kwenye x, mbili kwenye x kipeo cha pili, tano kwenye kipeo cha tatu, kumi na nne kwenye kipeo cha nne, na kuendelea. Ziandike zote kama jumla moja ndefu. Yeye jumla hiyo aliiita mkungu. X usiulize ni ngapi. Kazi yake ni ile ya mti wa katikati ya mkungu wa ndizi, kushika kila chane mahali pake.

"Sasa mkungu unaubeba begani mzima," alisema, "huhesabu ndizi mojamoja njiani."

Na mikungu inazidishwa. Ukizidisha mkungu kwa mkungu, chane ya kipeo cha tatu inakusanya kila namna ya kupata tatu kwa kujumlisha vipeo viwili. Sufuri na tatu inakupa tano, moja na mbili inakupa mbili, mbili na moja inakupa mbili, tatu na sufuri inakupa tano. Jumlisha: kumi na nne. Ile namba inayofuata imejileta yenyewe. Nilimuuliza kwa nini, na hapo akarudi kwa watoto wa mlimani.

"Ichukue njia yoyote ya mjini," alisema. "Ifuate mpaka inapogusa masale kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo imetembea kama mtoto wa Vunjo. Baada ya hapo iko huru, inatembea kama wewe. Kila njia yako ina mtu wa kwetu mwanzoni."

Kwa hiyo mkungu wa mjini ni mkungu wa mlimani mara mkungu wa mjini. Na mkungu wa mlimani ni wa mjini uliosogezwa hatua moja, yaani umezidishwa kwa x. Ongeza moja, kwa ajili ya mtu asiyekwenda popote. "Naye ahesabiwe," alisema, "amekaa kwake na hajavuka kitu." Ukiuita mkungu M, basi M ni moja jumlisha x mara M mara M. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili, ambao mtoto wa kidato cha tatu anautatua akiwa anasinzia. Kanuni inakupa majibu mawili, lenye kujumlisha na lenye kutoa. Ukichukua la kujumlisha, x ikikaribia sufuri jibu linalipuka, na sisi tunajua mtu asiyekwenda popote ni mmoja tu. Kwa hiyo unachukua la kutoa. Namba zisizo na mwisho zimeingia zote kwenye mstari mmoja wenye kipeuo cha pili ndani yake, na ufunguo ulikuwa lile jibu la tano ambalo mwenye kalamu nyekundu angelikata.

Kwa sheria tulipaswa kufundisha kwa Kiingereza. Mkungu tuliufundisha kwa Kiswahili, mlango umefungwa.

Miaka ya tisini ilipoingia, mambo yalilegezwa, na walimu nao wakajilegeza kutoka shuleni. Mmoja alikwenda kuuza mitumba, mmoja kupandisha watalii mlimani, wa fizikia akachukuliwa na shule binafsi iliyokuwa haijamaliza hata kupaka rangi. Idara ya hesabu tulibaki wawili na nusu, nusu akiwa mwalimu wa jiografia. Huko Kirua watu walianza kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Kwa kukosekana mwingine, idara nikawa naisimamia mimi.

Na macho ya Mwalimu Apolinari yalikuwa yanakwenda. Ni presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa katikati tu, na kila muhula kilipungua. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Kitu cha kwanza kumwacha kilikuwa kuchora. Nisiwadanganye, pamoja na mikungu yake yote, Mwalimu alipenda kuchora. Kila swali jipya alilianza kwa karatasi ya grafu na kalamu iliyochongwa vizuri, anatembeza njia mojamoja mpaka aijue tabia yake. Sasa mistari ilimponyoka. Ubaoni alikuwa akianza sentensi juu ya ubao na kuimalizia ukutani. Watoto hawakucheka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Siku moja nilimkuta ofisini amekaa na karatasi tupu mbele yake.

"Mkungu hauchorwi," aliniambia, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Mkungu unaushika kichwani. Nimekuwa mvivu, Zuhura. Nimeyategemea macho kwa kitu kisichoyahitaji."

Kuanzia wiki ile akaacha chaki. Aliweka mwanafunzi mmoja ubaoni, yeye akasimama kando ya meza, vidole vimegusa ukingo wake, akafundisha kwa mdomo. Alimwambia mwandishi aseme kila anachoandika kabla hajakiandika. Mara ya kwanza kilikuwa kipindi kibaya kabisa, watu wanagongana kwa maneno. Baada ya mwezi nilipita dirishani nikasimama, kwa sababu nilisikia darasa zima likibishana kuhusu alama ya kutoa.

Mkuu wa shule aliona tofauti. Alikuwa mtu mwema mwenye woga, na miaka ile watumishi wa serikali walikuwa wanapunguzwa kila kona. Alituita ofisini kwake sisi wawili.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini nikiulizwa kwa nini nina mwalimu asiyeona ubao, nitajibu nini? Mkaguzi wa somo la hesabu anakuja mwezi huu. Aangalie, aseme. Akisema hufai, nitakupa stoo ya vitabu mpaka ustaafu. Sitakutupa."

Fikirieni, mtu asiyeona kukabidhiwa stoo ya vitabu. Lakini hakuna aliyecheka.

"Nakubali," alisema Mwalimu Apolinari. "Ila naomba kitu kimoja. Asiambiwe kabla. Aone kipindi kwanza. Macho yangu atayaona baadaye."

Mkuu wa shule alinitazama mimi. Nikasema ni haki. Akakubali, anajipangusa jasho.

Tulipotoka nje, Mwalimu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Siogopi giza," alisema. "Naogopa stoo. Nikikosa watu wa kuniuliza swali, nitakaa Kirua nasikiliza migomba mpaka nife." Nilitaka kumwambia haitatokea, lakini sikuwa na uhakika huo, na yeye hakupenda kauli zisizo na uthibitisho.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyewahi kufundisha hesabu kabla hajapewa gari. Aliketi nyuma kabisa. Mkuu wa shule na mimi tuliketi pembeni yake kama watu waliofiwa. Ubaoni alikuwepo Yasinta, binti wa Marangu mwenye mwandiko mkubwa. Mwalimu alikuwa tayari amesimama kando ya meza, vidole mahali pake. Alifundisha masale, mlimani na mjini, mkungu na kugusa kwa mara ya kwanza. Yasinta aliandika tano upande mmoja, kumi na nne upande wa pili, na mlinganyo katikati. Aliposikia Kiswahili mkaguzi alikohoa, lakini hakuandika kitu.

Yote yalikwenda kama tulivyozoea, nami nikaanza kupumua. Ndipo akasimama Shabani, kijana wa Majengo, mtaa wa pili kutoka kwetu, mtoto asiyejua kukaa na swali tumboni.

"Mwalimu, na kama shamba liko kwenye kona? Yaani kushoto kuna masale, chini kuna mfongo. Halafu mtu anaweza kwenda pande zote nne, sio mbili. Anatoka kwenye kona anazurura, anarudi kwenye kona. Hatua sita. Njia ngapi?"

Mkuu wa shule alifumba macho. Mimi nilijua jambo ambalo Shabani hakulijua: swali hilo Mwalimu hakuwahi kulifanya. Tulikuwa tumelitaja zamani, na yeye akasema siku moja atalichora.

Mwalimu Apolinari aliinua mkono mmoja kutoka mezani. Nyuso zote zilimwelekea. Nilimwona kidole gumba kinapita juu ya vidole vingine, kimoja kimoja.

"Anaruhusiwa kugusa?" aliuliza.

"Anaruhusiwa, Mwalimu. Ni mtu wa mjini."

Darasa likacheka, na yeye akatabasamu.

"Yasinta, usiandike kwanza. Mtu huyu anafanya kazi mbili ambazo hazijuani. Anakwenda kulia na kurudi kushoto. Anapanda juu na kushuka chini. Zitenganishe. Zile za kulia na kushoto peke yake, masharti yake ni yapi?"

"Asirudi zaidi ya alivyokwenda," alisema mtu.

"Ambayo ni?"

Kisha watatu kwa pamoja: "Ni masale yaleyale!"

"Ni yaleyale. Hatua mbili, njia moja. Hatua nne, njia mbili. Hatua sita, tano. Na za juu na chini vilevile. Haya. Zote sita zikiwa za kupanda na kushuka?"

"Tano."

"Nne za kupanda na kushuka, mbili za pembeni. Kwanza chagueni, katika nafasi sita, zipi mbili ni za pembeni."

"Kumi na tano," alisema Shabani, ambaye sasa alikuwa amesahau kukaa.

"Mara mbili, mara moja."

"Thelathini."

"Geuzeni: mbili za kupanda na kushuka, nne za pembeni."

"Thelathini tena."

"Na sita zote za pembeni."

"Tano."

"Yasinta, sasa andika."

Yasinta alisema kwa sauti huku anaandika: tano, thelathini, thelathini, tano. Jumla sabini. Kengele ikalia, na hakuna aliyenyanyuka.

Mkaguzi ndiye aliyenyanyuka. Alitembea mpaka mbele, ameukodolea macho ubao. "Sabini," alisema polepole. "Tano yenu ya mlimani iko hapa. Kumi na nne ya mjini iko pale. Tano mara kumi na nne ni sabini." Akageuka. "Ni bahati hiyo, Mwalimu?"

"Hatua nne ni ngapi?" Mwalimu Apolinari aliuliza hewani, akajijibu mwenyewe, kidole gumba kinatembea. "Mbili, sita, mbili. Kumi. Mbili mara tano. Hatua mbili ni mbili, moja mara mbili." Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. "Hapana, ndugu. Bahati haiji mara tatu."

"Kwa nini, basi?"

"Sijui."

Uthibitisho wa aljebra tuliupata muhula uliofuata, nao unajaza ukurasa mmoja. Nao ule mkungu wa kona nilijaribu likizo nzima kuutafutia mlinganyo kama wa kwanza. Haukukubali, na baadaye nikasoma mahali kwamba haukubali kwa mtu yeyote. Lakini kwa nini hasa watu wa mjini na wa mlimani wazidishane ili kumpata mzururaji wa kwenye kona, mpaka nastaafu sijapata maelezo yanayoniridhisha. Nimewaachieni.

Mkaguzi alifurahi. Alimkaribia Mwalimu Apolinari, akanyoosha mkono amshike.

Mwalimu hakuuona.

Mkono ulibaki hewani. Mwalimu alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti, bado anatabasamu, vidole vyake viko kwenye ukingo wa meza. Nilisikia mkuu wa shule anavuta pumzi ili aseme. Yasinta alikuwa ameshika chaki kwa mikono miwili. Mkaguzi aliutazama mkono wake mwenyewe, akautazama uso wa Mwalimu, kisha vile vidole vilivyogusa meza, kisha Yasinta na mwandiko wake mkubwa. Niliona anaelewa, jambo moja baada ya jingine.

Akasogea hatua moja, akauchukua mkono wa Mwalimu pale mezani ulipokuwa, akautikisa.

"Ukijua kwa nini, uniandikie," alisema.

"Kuandika nitamwomba mtu," alijibu Mwalimu Apolinari, na sauti yake ilionyesha kwamba ameelewa kuwa ameeleweka. "Kujua nitajua mwenyewe."

Tulimsindikiza mkaguzi mpaka kwenye gari. Mkuu wa shule hakuweza kuvumilia. "Mheshimiwa, kuhusu Mwalimu Apolinari, nilitaka kukueleza kwamba..."

"Kipindi nimekiona," mkaguzi alimkatiza. "Kidato cha tano wanaye tena lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu aingie." Akafunga mlango wa gari. Kisha akashusha kioo. "Na wale walimu wengine, wanaowapa watoto mgongo wakijiandikia ubaoni kutwa nzima, waje wakae nyuma wamtazame."

Nilikwenda nyuma ya maktaba nikalia. Nililia vizuri, nikanawa uso bombani, nikarudi kufundisha kidato cha pili hesabu za sehemu, na sidhani kama walijifunza kitu.

Jumatatu nilimsindikiza Mwalimu mpaka mlangoni. Hakutaka nimshike. Darasa likasimama, shikamoo Mwalimu, marahaba, kaeni. Alihesabu meza kwa mkono mpaka akafika mahali pake. Sasa kila mtu mle ndani alijua, na yeye alijua kwamba wanajua, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaonekana kuwa na wasiwasi mbele ya wanafunzi. Alitoa chaki kwenye mfuko wa koti, akainyoosha mbele kidogo, si kwa mtu fulani.

"Nani atanisaidia ubaoni?" aliuliza.

Alisikia madawati yanaburuzwa, kuanzia mbele mpaka ukuta wa nyuma, na miguu, miguu mingi, inamjia. Alisimama akiisikiliza. Kisha akacheka, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Mmoja tu," alisema. "Ubao ni mdogo."